Unga Mweupe wa Kasha

Watu wakiniona nikitembea huuliza kama ni polio. Zamani nilikuwa nikieleza. Siku hizi nawajibu kwamba niliangushwa na masomo, wanacheka, nami nawaacha wacheke. Mtu anayetembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, fimbo mbili mikononi, halazimiki kumsimulia kila mpita njia maisha yake.

Ninyi mnaosoma hapa siwaandikii ili mcheke. Namwandikia yule ambaye mtoto wake ameamka leo hawezi kusimama, na nyumba nzima imeanza kutafuta mchawi. Nimepita hapo. Ubaya uliokuwa wa kuja ulikwisha kuja. Nitasema yaliyonipata mimi na mdogo wangu Furaha, na nitasema aliyeyaleta, maana kwa muda mrefu lilitajwa jina lisilo lake.

Tulikaa Kasha, ukingoni mwa Bukavu, pale Bagira inapoishia na mashamba kuanza. Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini, na chakula cha mchana alikula hukohuko pamoja na wenzake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, mwanafunzi wa mkondo wa biokemia kwenye sekondari ya masera, watawa wa kike. Furaha alikuwa na miaka tisa. Maman hakusoma, na mimi sikumpa nafasi ya kusahau hilo.

Muhogo wetu ulitoka Luvungi, bondeni, kwenye shamba la kaka yake maman. Ulikuwa ule mchungu, ambao hakuna anayeutafuna mbichi. Maman aliumenya, akautia katika pipa la maji nyuma ya nyumba, akaufunika kwa majani ya migomba na jiwe juu yake, ukalala humo siku nne mpaka ukabonyea kwa kidole. Ndipo akauanika na kuutwanga. Pipa lile lilinuka. Aliyekaa Bukavu anaijua harufu hiyo: inashika nguo, inashika nywele, inashika hata daftari. Siku moja darasani msichana aliyekaa nami aliinama, akanusa bega langu, akachukua vitu vyake akahamia dawati la mbele. Afadhali angenitukana.

Mwaka huo kipindupindu kilifika kwetu. Masera walitukusanya uani wakatuambia kila kitu kinachoingia kinywani kipite motoni kwanza, na samaki wadogo tuwaache kwa muda. Nilirudi nyumbani nimebeba sababu niliyokuwa nimeitafuta siku nyingi.

"Maman, ile maji ya pipa iko na mikrobe," nilimwambia. "Itatuua."

Maman alikuwa akimenya, hakuinua kichwa. "Mihogo inalalaka mu maji, Nsimire. Mama yangu alifanyaka vile."

"Ye hakusoma. Chemsha tu, kisha uanike. Siku moja inatosha, na haitanuka."

"Na uchungu yake?"

"Moto inaua kila kitu, maman. Tulisoma ile mambo."

Neno hilo lilikuwa la kweli. Bado ni la kweli, na linanikera kuliko uongo wote niliowahi kusema.

Maman aliacha kisu akaniangalia kwa heshima, kama anavyomwangalia padri akisoma Kilatini. Siku hiyohiyo alilimwaga pipa. Kuanzia hapo muhogo uliingia sufuriani maji yakiwa tayari yanatokota, ukatoka, ukaanikwa, ukatwangwa. Unga wake ulikuwa mweupe sana, bila harufu hata kidogo. Majirani walikuja kuuliza siri yake, na maman, kwa majivuno ambayo sikuwahi kuyaona kwake, akajibu kwamba binti yake ndiye anayejua. Ndagaa, wale samaki wadogo, tuliacha kununua, maharagwe yalikuwa yameadimika, hivyo kiangazi kizima tulikula ugali huo kwa sombe, majani ya muhogo uleule, mchana na jioni.

"Yaya, hii bugali iko uchungu," Furaha aliniambia. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Kula. Iko safi."

Alikula. Alikuwa mtoto msikivu.

Miaka ile Jumamosi ilikuwa ya Salongo, kazi ya lazima ya kusafisha barabara, na Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kuanza tulichimba mitaro toka asubuhi. Jumapili niliamka niende misani. Niliteremsha miguu chini ya kitanda, nikasimama, nikajikuta sakafuni. Sikuumwa popote. Hakukuwa na homa. Mapaja yalikuwa yamekaza kana kwamba mtu ameyafunga kamba, visigino vilikataa kugusa chini, na nilipotaka kumwita maman ulimi ulikuwa mzito mdomoni. Nilidhani ni uchovu. Nilidhani hivyo siku kumi, mpaka asubuhi Furaha alipoanguka mlangoni, akajaribu kuinuka mara tatu, kisha akaanza kucheka kwa aibu, kwa sababu majirani walikuwa wakimwona.

Msimu ule wa mvua ulikuwa wa sindano nyekundu za vitamini. Tulipelekwa zahanati ya Bagira tumebebwa mgongoni, Furaha na maman, mimi na baba. Msichana wa miaka kumi na saba kubebwa na baba yake mbele ya watu wanaomfahamu ni jambo ambalo sitalieleza sana. Tulikaa kwenye benchi la mbao tangu alfajiri, tukadungwa, tukarudi. Muuguzi alisema ni mishipa, tungoje.

Baada ya Noeli tulianza hospitali kubwa mjini. Hapo daktari alishuku kifua kikuu cha uti wa mgongo, nikavalishwa korse ya plasta kutoka kwapani mpaka nyonga. Nikakaa nayo miezi mitatu nikijikuna kwa mwiko. Furaha hawakumfunga kwa sababu alilia sana. Kwenye benchi la kungoja picha za mionzi ukipoteza nafasi yako unaipata kesho, kwa hiyo hatukunywa maji, tusije tukahitaji kwenda msalani. Choo chenyewe kilikuwa cha kuchuchumaa, na miguu yangu haikukunjika tena namna hiyo. Mama mmoja mfagiaji, ambaye jina lake sikulijua, alituona tunavyohangaika. Akatutafutia ndoo, akasimama mlangoni na kanga yake ameitandaza mpaka tukamaliza. Alifanya hivyo kila tulipokwenda. Katika hospitali nzima huyo ndiye aliyenitibu.

Nyumbani baba alitoboa kiti, akakiweka juu ya shimo la choo. Viatu vyangu viliisha mbele tu, nyuma vikabaki vipya kama vya dukani. Nikishtuka, hata mlango ukijipiga, miguu yote miwili ilitetemeka yenyewe na sikuweza kuinyamazisha. Masomo niliacha. Msichana aliyehama dawati alikuja kunitembelea na ndizi, akakaa nusu saa. Ilibidi nimshukuru.

Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, aliishi Cimpunda. Alikuja siku ya Pasaka, akatuangalia, akaangalia chungu, akamwangalia maman.

"Mutu anapika chungu moja," alisema. "Batoto babili banaanguka, yeye anatembea. Munataka niwaonyeshe kitu gani ingine?"

Kwetu mtu akikonda au akilemaa bila sababu kuna neno linalongoja mlangoni: karuho, sumu ya polepole ambayo mtu wako wa karibu anakuwekea katika chakula. Shangazi hakulitamka siku hiyo. Aliliacha litamkwe na majirani walewale waliokuja kuomba siri ya unga mweupe. Maman alikula nasi sahani moja na hakupata kitu, na badala ya kumsaidia jambo hilo ndilo lililompalia makaa. Kwa nini chakula kinatudhuru sisi na si yeye?

Nami niliamini. Sikuamini sana, lakini niliamini kiasi cha kutosha. Asubuhi moja aliniletea uji kitandani, nikamwambia sina njaa. Alisimama na kikombe, akakiangalia, akanywa funda moja mbele yangu, akakiweka tena karibu nami. Sikukigusa.

Baba si mtu mbaya. Ni mtu anayekunja mikono. Mwisho wa mvua alimwambia maman aende akapumzike kidogo kwa kaka yake Luvungi, mpaka maneno yapoe. Maman alifunga nguo zake ndani ya kitenge, akamchana Furaha nywele, akaenda. Shangazi akahamia kwetu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kurudisha pipa nyuma ya nyumba na kulowesha muhogo siku nne, kama mama zake. Hali yetu haikuzidi kuwa mbaya. Ulimi wangu ukawa mwepesi, Furaha akaanza kusimama kwa fimbo. Shangazi aliwaambia watu: mnaona, ametoka, na batoto wanapona.

Kiangazi hicho hospitalini alikuja daktari mmoja aliyehamishwa kutoka Bandundu, magharibi kabisa ya nchi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Shangazi ndiye aliyetupeleka. Daktari hakunidunga wala hakunilaza. Alisogeza kiti chake nyuma.

"Citoyenne," aliniita, yaani mwananchi, kama serikali ilivyotaka miaka ile, "tembea mpaka ku mulango."

Nilikwenda na kurudi. Akamwambia Furaha naye aende.

"Kwenu munakula bugali ya nini?"

"Ya muhogo, dokta," nilisema.

"Ya utamu ao ya uchungu?"

"Ya uchungu. Inatoka Luvungi."

Akainama mbele. "Inalala mu maji siku ngapi?"

Shangazi akajibu kabla yangu, kifua mbele. "Siku ine, dokta. Siye hatupikaka bugali ya muchafu."

Daktari akarudi kitini taratibu. "Basi sijui," alisema. "Kama ingekuwa siku moja, ao bila maji, ningesema ni konzo, ile ugonjwa ya sumu ya muhogo. Kule kwetu bakati ya njaa bamama banaharakisha muhogo, na batoto banaamuka hivi, hata kama mama yabo anatembea. Lakini siku ine, hapana." Akaandika vitamini kwenye karatasi.

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Ningeweza kusema neno moja. Nilipokea karatasi nikasema asante.

Nyumbani nilifungua daftari la biolojia. Ukurasa ulikuwepo, kwa mwandiko wangu mzuri, na chini yake wino mwekundu wa mwalimu: vizuri sana. Somo lilihusu vile vinavyoitwa kwa Kiswahili vimeng'enya. Sisi tulitamka kwa Kifaransa, anzimi. Kila kitu chenye uhai kina vyake. Ni vibarua wadogo, kila mmoja na kazi yake moja tu, hajui nyingine. Kilichomo katika mate kinakata wanga, ndiyo maana ugali ukikaa kinywani unageuka mtamu. Vinafanya kazi bila kwisha, vikipewa maji na muda. Na mwisho wa ukurasa, nimepiga mstari kwa rula: *ukivichemsha vinakufa.*

Nilikuwa nimekariri mstari huo na kupata alama zote. Haikunipitia akilini kwamba muhogo nao una uhai, kwamba una kibarua wake. Sumu, ule uchungu wenyewe, na kibarua wake wanakaa katika muhogo mmoja, vyumba mbalimbali. Ukiuloweka, kuta zinalainika, kibarua anaifikia sumu, anaikatakata, ikatoka na maji na hewa. Hiyo ndiyo kazi iliyofanyika katika pipa la maman siku nne, na mama zake waliisimamia bila kujua jina lake. Mimi niliyelijua jina nilimtia kibarua katika maji yanayotokota. Sumu ikabaki nzima, safi, nyeupe.

Haya niliyajua mwezi wa saba. Nilinyamaza mpaka mvua zikaja na kwenda. Nataka mlijue hilo pia, msinione mtu mwema. Nilikuwa na hofu ya baba, nikamwogopa shangazi, na zaidi nilimwogopa Furaha. Alikuwa amezoea kunishika mkono akitaka kutoka nje. Fimbo yake moja, mkono wangu mmoja, na fimbo yangu upande wa pili. Tulishuka ngazi ya mlango wetu hivyo, tukicheka wakati mwingine. Kila akinishika nilihisi mkono wangu unaungua. Wakati huo maman alikuwa Luvungi na jina la mchawi.

Kiangazi kiliporudi nilipanda lori la mihogo lililokuwa likirudi tupu, likashuka milima hadi bondeni. Maman alikuwa uani kwa kaka yake, mikono ndani ya maji mpaka viwiko. Aliniona nikija na fimbo zangu, hakukimbia kunipokea. Alikausha mikono kwanza.

Nilisema yote nikiwa bado nimesimama. Nilisema kuhusu daktari, kuhusu daftari. Alinivutia kigoda.

"Kaa. Ile mambo nilijua."

"Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu nilifika huku. Nilikuwa nalia, kisha nikachoka kulia, nikafikiri. Nini ilibadilika mu jiko yangu? Ni maji ya moto tu."

Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa ameketi peke yake akauliza swali ambalo muuguzi, madaktari wawili na mwanafunzi wa biokemia hawakuliuliza. Niliona haya, na haya ile haijaniacha.

"Juu ya nini hukusema, maman? Banakuita mulozi."

"Niseme kwa nani?" Aliokota kipande cha muhogo, akakibonyeza kwa kidole gumba, akakirudisha majini. "Na Furaha je? Ni weye unamushikaga akitoka inje. Siku atajua, atakataa mukono yako. Miye niko huku mbali. Nani atamushika?"

"Nitasema."

"Usiseme, Nsimire. Mie nimeshaitwa mulozi, nimezoea. Ye iko mutoto."

Nilirudi nikasema. Niliwakalisha sebuleni Jumapili baada ya misa, baba, shangazi na Furaha, nikafungua daftari nikawasomea mstari ule. Shangazi alisema maneno mengi sana, na ndani yake halikuwamo la samahani. Baba alivaa abakosi, suti yake ya ofisini isiyo na tai, akashuka Luvungi. Maman hakukubali mara ya kwanza. Mara ya pili alikubali, akarudi na kitenge chake, akaingia jikoni moja kwa moja. Majirani walimsalimu kama vile alikuwa ametoka sokoni. Hakuna aliyemwomba radhi, na wengine mpaka leo hawali kwake.

Kwa wewe mwenye mtoto aliyeanguka, haya ndiyo niliyonayo. Usimtafute mtu. Tafuta kilichobadilika jikoni. Muhogo mchungu uache majini mpaka ubonyee, hata kama njaa inauma, hata kama wageni wanakuja, hata kama mwanao msomi anaona aibu. Ukipata ndagaa au maharagwe, weka, vinausaidia mwili kuishinda sumu iliyobaki. Miguu iliyokaza hairudi yote. Ya Furaha imerudi kidogo, yangu kidogo zaidi. Haizidi kuharibika, na hiyo ni rehema, ingawa ya kisirani.

Furaha siku ile ya Jumapili alinisikiliza mpaka mwisho bila kulia. Aliuliza jambo moja tu: "Nilikuambia iko uchungu?" Nikamjibu ndiyo, uliniambia. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akataka kwenda nje, akachukua fimbo yake, nami nikasimama kama kawaida nikanyoosha mkono. Alifika penye ngazi, akauangalia, akakaa chini na kujivuta kwa matako mpaka uani, sketi yake ya misa ikiburuta vumbini.

Sasa ni mwanamke mzima, anashona nguo kwa cherehani ya mkono, na watu wa Kasha wanamsifu. Tunaishi nyumba moja, tunasalimiana, tunakula pamoja. Maman akiwepo, Furaha humshika yeye akitoka nje. Juzi maman alikwenda Bagira mapema akachelewa. Furaha alifika mlangoni asubuhi, akakuta mvua imefanya ngazi kuteleza, akasimama. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi kwamba nilisikia anavyopumua. Nilimuuliza kama nimsaidie.

"Hapana, yaya," alisema kwa upole. "Nangojea maman."

Alisimama pale mpaka saa nane mchana.